Taa ya Gari Iliyoingia Maji: Mwongozo Kamili Kabla ya Kupeleka Gari Ukaguzi

Masika yakikolea, haipiti siku kibandani kwangu Kisauni, Mombasa, bila kuja gari lenye taa iliyoshika ukungu. Mwenyewe huwa ana haraka, maana tarehe ya ukaguzi ni wiki hiyo hiyo, na ombi lake ni moja: "Fundi, nikaushie tu." Neno hilo "tu" ndilo lililonifanya niandike haya. Kukausha taa ni kazi ya saa chache na hata kijana aliyeanza gereji jana anaiweza. Lakini kama hujajua maji yalipitia wapi, mvua ya kwanza itakurudisha pale pale, na huenda ikakukuta uko kwenye foleni ya ukaguzi.

Ukiweza, anza wiki mbili kabla ya tarehe yako. Siku moja ya kushusha taa na kukausha, siku moja ya kuziba na kuacha gundi ishike, kisha siku kadhaa za kutembea na gari mvuani na kuliosha, uone kama maji yanarudi. Hizo siku za mwisho watu huzikata, na ndizo zinazosema ukweli.

Ni ukungu au ni maji?

Wengi hudhani taa ya gari imezibwa kabisa kama chupa ya soda. Sivyo. Nyuma au chini yake mna matundu madogo ya kupumulia. Mengine yana kimpira kilichopinda mfano wa kiwiko, mengine yana kitambaa chembamba kinachopitisha hewa na kuzuia maji. Ukiwasha taa, balbu inapasha hewa ya ndani moto, hewa inatanuka na kutoka. Ukizima, hewa inapoa na kunywea, na taa inavuta hewa mpya kutoka nje. Hewa yetu ya Pwani ina unyevu mwaka mzima, sembuse siku za mvua. Ikikutana na kioo kilichopoa alfajiri, unyevu wake unageuka umande.

Kwa hiyo umande mwembamba wa asubuhi, mfano wa pumzi yako juu ya kioo, si ugonjwa. Jipime hivi: washa dimu, yaani mwanga wa chini, tembea na gari dakika 20 hadi 30, kisha simama uangalie. Ukungu ukifutika wote, na ukawa unaonekana tu alfajiri, au baada ya mvua au kuosha gari, taa yako inapumua vizuri; iache. Ukiona matone manono yaliyong'ang'ania kioo, michirizi inayoteremka, au maji yanayocheza chini ya taa ukilitikisa gari, basi kuna njia iliyofunguka na lazima uitafute.

Usichanganye ukungu wa ndani na weupe wa nje. Kioo cha taa za siku hizi ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, na jua letu huifanya ya manjano na yenye utando. Lowesha kidole upitishe juu ya kioo: mahali ulipopitisha maji pakiwa angavu kwa muda, utando uko nje, na dawa yake ni msasa laini wa maji na dawa ya kung'arisha. Hiyo ni kazi nyingine.

Kuna hili pia la LED. Gari lililotoka kiwandani na taa za LED huchelewa kukauka, kwa sababu LED hazipeleki joto mbele ya taa kama halojeni. Lipe muda zaidi kabla ya kulihukumu. Ila kama taa yako ni ya halojeni na mtu amekutilia balbu za LED za dukani, umepata hasara mbili. Joto lililokuwa likikausha taa limepungua, na mwanga umetawanyika kwa sababu rifleta, ule mng'ao wa fedha wa ndani unaorudisha mwanga mbele, ilipimwa kufuata mahali hasa nyuzi za halojeni zinapokaa. Mimi huwaambia wateja wangu wote: kabla ya ukaguzi rudisha balbu ya halojeni iliyoandikwa kwenye taa yenyewe. Kama ni H4, basi H4 ya volti 12, wati 60 kwa 55, si ile ya wati 100 inayouzwa kama "kali zaidi". Hiyo huchoma soketi na kuunguza rifleta.

Ukaguzi unahusikaje na maji

Magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa kila mwaka chini ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na nafasi huwekwa kwenye mtandao kupitia akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kwenye taa kuna mambo ya wazi: zote mbili ziwake, fulu (mwanga wa mbali) na dimu zifanye kazi, kioo kiwe kizima, na mwanga uelekee unakotakiwa. Maji yanagusa karibu kila moja ya hayo. Kila tone kwenye kioo ni lenzi ndogo. Mwanga uliopaswa kushuka barabarani linaupindua juu, machoni mwa anayekuja. Maji yakikaa muda mrefu yanakula soketi, kisha yanabambua ile rangi ya fedha ya rifleta. Rifleta ikishabambuka hakuna dawa, ni kutafuta taa nyingine.

Na hata pasingekuwa na ukaguzi, ningekuomba uifanye kazi hii. Pita usiku kati ya Mazeras na Mariakani ukiwa nyuma ya malori, mvua ikinyesha, taa moja imejaa maji. Mtu anayetembea pembeni utamwona akiwa tayari yuko ubavuni mwa gari.

Tafuta njia ya maji kabla ya kugusa kitu kingine

Ami mmoja mwenye Hiace ya abiria aliniletea gari mwaka jana akiwa amechoka kabisa.

"Mwanangu, taa hii imekaushwa mara tatu," akaniambia. "Kila nikivuka daraja la Nyali mvuani, imejaa tena."

Nilimwomba afungue boneti, nikapitisha mkono nyuma ya taa ya kushoto. Ule mpira unaovaa nyuma ya balbu haukuwepo. Balbu ilikuwa imebadilishwa usiku njiani, na aliyebadilisha aliuona mpira unamchelewesha akautupa. Tulipoishusha taa na kuiinamisha juu ya beseni, yalitoka maji ya kujaza kikombe cha kahawa chungu, ya rangi ya kutu, na mbawa za kumbikumbi zikielea juu.

"Yote haya ni kimpira?"

"Ni kimpira, ami."

Ndiyo maana naanzia huko kila mara. Chunguza kwa mpangilio huu, kutoka lililo jepesi:

1. Mpira au kifuniko cha nyuma ya balbu. Je, upo? Umekaa pande zote, au umekunjamana upande mmoja? Umekauka na kupasuka? Balbu nyingi za LED zina feni nene nyuma, kwa hiyo watu huutoboa mpira au huuacha nje. Mpira uliotobolewa hauzibwi kwa gundi, nunua mwingine.

2. Mpira mwembamba wa duara kwenye balbu yenyewe, hasa balbu za aina ya H11 na HB4, na zile ndogo za indiketa na paking. Balbu ya indiketa ambayo haikuzungushwa mpaka mwisho inatosha kuijaza taa nzima.

3. Matundu ya kupumulia. Hapa tatizo ni mawili yanayopingana: kimpira cha kiwiko kimechomoka, maji yanaruka moja kwa moja ndani, au tundu limezibwa na tope, vumbi na utando wa buibui, na unyevu ukiingia hauna pa kutokea. Safisha kwa brashi ndogo kavu. Usichokonoe kwa waya, utakitoboa kile kitambaa.

4. Kioo chenyewe. Mwaga maji juu yake, futa, kisha angalia kwa tochi kutoka pembeni. Ufa mwembamba kama unywele utauona kwa sababu maji hubaki ndani yake. Angalia hasa pembe ya chini, ambapo mawe ya barabarani hupiga.

5. Mshono unaounganisha kioo na mwili wa taa. Gari lililowahi kugongwa mbele, au taa iliyowahi kufunguliwa na fundi mwingine, hapa ndipo penye shaka. Gundi iliyorudiwa utaijua: imemwagika nje, haijanyooka.

6. Masikio ya taa, yaani yale matundu ya bolti. Sikio likivunjika, taa inatetemeka, na mtetemo huachisha mshono taratibu.

Umepata njia? Bado malizia orodha. Nimekuta taa zenye njia mbili zaidi ya mara moja.

Kuishusha taa

Zima gari, subiri taa ipoe, toa terminali ya hasi ya betri. Kama gari lako lina taa za zenoni, usifungue chochote nyuma ya taa wewe mwenyewe. Kifaa chake hutoa zaidi ya volti 20,000 wakati wa kuwasha. Mpelekee fundi wa umeme.

Kwenye magari mengi tunayotumia hapa, Probox, Fielder, Hiace, taa hushikwa na bolti za spana namba 10 pamoja na klipu za bampa. Magari mengine hayatoi taa mpaka bampa ilegezwe. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua kila kitu. Itakusaidia wakati wa kurudisha. Soketi usiivute kwa waya, bonyeza ulimi wake kwanza. Skrubu za kulenga mwanga, zile ndefu zenye meno ya plastiki, usiziguse kabisa kwa sasa.

Balbu ya halojeni ishike kwa upande wa chuma. Mafuta ya vidole yakibaki kwenye kioo chake, mahali hapo hupata moto kupita kiasi na balbu hufa mapema. Ukiigusa kwa bahati mbaya, ifute kwa spiriti na kitambaa safi.

Kukausha bila kuiharibu

Toa balbu zote na vifuniko vyote. Inamisha taa maji yatoke, igeuze pande zote, yapo yanayojificha nyuma ya rifleta. Maji yakiwa ya chumvi au ya tope, suuza kwa maji safi kidogo sana na uyatoe. Hapa Mombasa nimeona taa za magari yanayoegeshwa karibu na bahari zikiacha mchanga wa chumvi ndani, na chumvi hiyo isipotoka huendelea kuvuta unyevu hata ukiziba kila tundu.

Usitie kitambaa ndani kufuta rifleta. Nasisitiza. Ule mng'ao wa fedha ni utando mwembamba mno wa aluminiamu. Ukisugua mara moja unaondoka na haurudi.

Kisha iweke taa juani, matundu ya balbu yakiangalia chini, juu ya vipande viwili vya mbao ili hewa ipite. Jua la saa nne hadi saa tisa mchana linatosha siku isiyo na mawingu. Siku ya mvua tumia draya ya nywele kwa joto la chini, ukipuliza kupitia tundu la balbu kutoka umbali wa shibiri moja, dakika kumi kisha unapumzisha. Ile mashine ya joto kali ya kubabua rangi iache mbali, inapinda plastiki.

Vijana wengi hukimbilia kwa fundi wa panchari wapulize kwa kompresa. Upepo huo hutoka na maji na mafuta ya mashine, hasa tangi likiwa halijamwagwa maji tangu asubuhi, na mafuta yakitua kwenye rifleta yamekaa. Mimi siutumii.

Ikishakuwa kavu kwa macho, iweke usiku kucha ndani ya ndoo yenye kifuniko pamoja na vipakiti vya silika jeli, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na vifaa vya umeme. Kusanya kumi au zaidi. Asubuhi vitoe vyote na uvihesabu. Kuna wanaoviacha ndani ya taa wakidhani vitaendelea kukausha. Vikishiba havifanyi kitu, na kikigusa balbu kinaungua.

Kuziba, na pale pasipozibwa

Nilipokuwa bado najifunza kazi, niliwahi kuziba kila tundu la taa ya mteja kwa silikoni, matundu ya kupumulia pia, nikaona nimefanya kazi ya uhakika. Baada ya wiki moja taa ile ilikuwa imelowa ndani kama dirisha la jiko la biriani. Unyevu niliouzibia ndani ulikosa pa kutokea, na hewa ilipotanuka kwa joto ilisukuma mshono ukaachia. Nilimlipa mwenye gari taa nyingine. Matundu ya kupumulia hayazibwi kwa hali yoyote. Kimpira chake kikipotea, tafuta kingine cha kipimo hicho.

Mpira wa nyuma na duara za balbu ni za kubadilisha, na bei yake ni ndogo kuliko muda utakaopoteza kwa kuzibandika.

Mshono ulioachia sehemu ndogo unaweza kuzibwa kwa nje. Safisha kwa spiriti, acha pakauke kabisa, kisha tumia silikoni isiyo na asidi. Ijue kwa harufu: ile inayonuka kama siki ina asidi, na mvuke wake hula rifleta na nyaya. Bana kioo na mwili kwa tepu, acha saa 24 kabla ya kurudisha taa kwenye gari. Mshono ulioachia sehemu kubwa unahitaji kioo kitolewe chote kwa joto na kurudishwa kwa gundi ya butili, ile nyeusi inayovutika kama ubani wa kutafuna. Hiyo ni kazi ya fundi wa taa aliyeizoea. Wiki ya ukaguzi si wakati wa kujifunzia.

Ufa kwenye kioo unaweza kuuziba kwa muda usipitishe maji, lakini usipeleke gari ukaguzi hivyo. Badilisha taa.

Kuna mafundi hutoboa tundu chini ya taa ili maji yatoke yenyewe. Naelewa kwa nini, lakini sikubali. Tundu linalotoa maji huingiza vumbi na hewa ya chumvi, na ndani ya miezi michache rifleta inakufa.

Soketi na nyaya

Kabla ya kurudisha, angalia soketi. Ukiona rangi ya kijani kwenye chuma au plastiki iliyogeuka kahawia, maji yamekwisha fika huko. Safisha kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, iliyoungua badilisha. Fuata na waya wa ethi mpaka unapofungwa kwenye bodi, ukwangue kutu na kukaza bolti. Taa moja ikiwa hafifu kuliko mwenzake ingawa balbu ni mpya, mara nyingi ni hapo.

Ukilazimika kununua taa nyingine

Taa za mtumba kutoka Japani zinatufaa, kwa sababu Japani nako huendesha kushoto kama sisi: dimu inainuka kidogo upande wa kushoto kumulika pembeni mwa barabara. Taa iliyotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia, na zipo zinazoingia kupitia Dubai, huinua mwanga upande wa kulia, yaani machoni mwa anayekuja. Inaingia vizuri na inawaka vizuri, lakini haielekei sawa. Dukani omba iwashwe kwa betri mbele ya ukuta kabla ya kulipa. Nunua pia ukiwa umetazama ndani kwa tochi: rifleta iwe inang'aa, pasiwe na alama za maji yaliyokauka.

Kurudisha na kulenga

Taa ikishatolewa, usiamini kwamba imerudi pale pale. Tafuta ukuta na uwanja ulio sawa, wakati wa magharibi. Magurudumu yawe na upepo wake wa kawaida, mtu mmoja akae kwenye kiti cha dereva, na kama gari lina kitufe cha kushusha mwanga kiweke kwenye 0.

Sogeza gari karibu kabisa na ukuta, uweke alama ya chaki palipo sawa na katikati ya kila taa. Rudi nyuma mita 5 sawasawa bila kugeuza usukani. Washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga, pale ulipolala, uwe kama sentimita 5 chini ya alama, na zote mbili zilingane. Sasa ndipo unapozungusha zile skrubu za kulenga, robo mzunguko kila mara. Kituoni watapima kwa mashine, lakini ukifika ukiwa karibu namna hii kuna kazi ndogo au hakuna.

Siku za majaribio na siku yenyewe

Jioni, taa zikiwa zimepoa, mwagia taa maji kwa mpira wa bomba dakika tano, kutoka juu kama mvua inavyoanguka. Acha gari nje usiku. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, angalia kwa tochi. Umande mwembamba unaofutika ni sawa. Tone hata moja linaloteremka, rudi kwenye ile orodha. Rudia jaribio siku mbili.

Ukipeleka gari kuoshwa kabla ya ukaguzi, lipeleke siku moja kabla, uwaambie vijana wasilenge mashine ya presha kwenye mshono wa taa wala nyuma yake chini ya boneti. Na taa iwe imepoa. Maji baridi juu ya taa ya moto huifanya ivute unyevu kwa nguvu.

Asubuhi ya ukaguzi, washa dimu ukiwa bado nyumbani na uziache zikiwaka njia nzima, uwe unatokea Mtwapa au Changamwe. Ukifika, kabla hujaingia kwenye foleni, futa vioo kwa kitambaa kikavu, mwambie mwenzako asimame mbele, ubonyeze fulu, dimu, indiketa kushoto na kulia. Weka balbu moja ya akiba na bisibisi kwenye dashibodi.